Mnemba imegeuzwa stendi ya daladala na kila mtu kakaa kimya

Wakuu habari za jioni. Nina hasira kwa hiyo mnivumilie nikiandika ovyo.

Kuna mtu humu kaenda Mnemba, kile kisiwa kidogo kaskazini mashariki mwa Unguja, karibuni, asubuhi, msimu huu wa wageni wengi? Mimi nimetoka juzi. Shemeji yangu kashuka kutoka Mwanza na watoto wake, hao watoto wimbo wao ni pomboo tu, pomboo, pomboo, nikasema haya twendeni. Tumeondoka ufukweni Muyuni mapema kabisa kwenye boti ya kuchangia, nahodha anatuambia leo wapo, kapigiwa simu. Kumbe si yeye peke yake aliyepigiwa. Tunafika, boti zimebanana mpaka unashindwa kuona maji, za Nungwi zipo, za Kendwa zipo, za Matemwe zipo, zote injini zinanguruma na moshi wa petroli unakuchoma pua. Pomboo akitoa mgongo tu upande huu basi msafara wote unageuza kichwa, wanawakatia njia kwa mbele, halafu kila nahodha anapiga kelele "ruka ruka ruka" na watu wanajitupa majini juu ya wanyama, wengine hata kuogelea hawajui wanaelea tu na laifu jaketi wanarusha mateke. Mtoto wa shemeji kala teke la mdomo, mzungu mmoja kamchapa na ile miguu ya plastiki ya kuogelea mpaka damu imetoka, na hakugeuka hata kusema samahani maana alikuwa bize na kamera yake.

Nikamwambia nahodha kaka tuwaache hawa viumbe wapumue, tukazamie kwenye matumbawe. Kanijibu, "bro nisipowafuata, hawa wengine wakirudi hotelini watanipa nyota moja." Na kinachoniuma zaidi ni kwamba anasema kweli!

Sasa kabla hamjanirukia kwamba nachukia utalii, ngojeni. Pomboo wa Kizimkazi, kile kijiji cha kusini mwa Unguja, zamani walikuwa wanavuliwa, nyama yao inafanywa chambo cha papa. Miaka ya 90 watalii walipoanza kumiminika wavuvi wenyewe wakaona pomboo aliye hai analipa kuliko aliyekufa, wakaacha kuwavua. Kwa hiyo utalii ndo uliwaokoa, hilo nalikubali mchana kweupe. Ila watafiti waliokaa Kizimkazi kuwaangalia wameshaonyesha kwamba boti zikiwazunguka wale wanyama wanapunguza muda wa kupumzika, wanabaki kukimbia kimbia tu. Tumewatoa kwenye chambo tukawapeleka kwenye mbio, kila siku ya Mungu, na wana watoto wa kunyonyesha.

Haya, mkitoka hapo mnashushwa kwenye fungu la mchanga kula matikiti. Kijana mmoja wa boti nyingine akazama, akaibuka na viti vya pweza (nyota wa bahari) viwili vyekundu, vile vyenye vinundu vinundu vyeusi, akaviweka juu ya mchanga mkavu, jua hilo la karibu saa sita. Foleni ikapangika, wallahi foleni. Huyu anaweka kichwani, yule anajifunika nacho kifua, mwingine anataka arudie picha kwa sababu nywele zilikaa vibaya, droni iko juu inazunguka. Kile ni kiumbe, kinapumua kwa maji, kukianika namna ile ni kukiua taratibu huku mnacheka. Niliposema jamaa akanitazama juu mpaka chini, "we mswahili mwenzetu unajifanya mzungu, unataka kutuharibia riziki." Nikakosa la kujibu pale pale, ndo maana nimekuja kumalizia huku.

Zanzibar mwaka 2024 imeingiza wageni zaidi ya laki saba, na wenyeji kwa sensa ya 2022 hawafiki hata milioni mbili. Viongozi wanashangilia rekodi. Mie sina ugomvi na laki saba, nina ugomvi na laki saba wote kupelekwa sehemu zilezile nne tano saa ileile, Mnemba, fungu la mchanga la Nakupenda, ule mgahawa wa juu ya mwamba kule Pingwe, kwa sababu ndo picha zinazozunguka TikTok. Wanalipia "kisiwa cha amani" wanakuta foleni, halafu hotelini wamefungwa vikanda mkononi, kila kitu kimelipiwa hukohuko Ulaya, mama wa Kiwengwa anayeuza chapati na pweza hapo nje hata mia yao haioni. Watoto wake wanajua kusema ciao tu, salamu ya Kiitaliano.

Najua kuna mjuaji ataandika "nenda Pemba mkuu, Misali bado kumetulia". Naomba ukae nayo hiyo siri. Kizimkazi nako tuliambiwa kumetulia.

Ninachotaka kujua ni hiki. Mnemba ni eneo la hifadhi ya bahari, ada tunalipa, asubuhi nzima sikuona hata boti moja ya doria. Mwenye kujua malalamiko yanapelekwa ofisi gani, na kama kuna aliyewahi kupeleka akasikilizwa, aweke hapa. Video ninayo, namba za boti zinasomeka. Na nyie manahodha mliomo humu, msinijie inbox kunitukana, jibuni hapa hapa hadharani: mkikubaliana boti tatu tu kwa kundi moja la pomboo na zingine zisubiri zamu, nani atakufa njaa?