Vitufe vya taa na pampu kwenye simu viwe vikubwa kiasi gani?

Mkaazi wa Kisumu: Wadau, nimeunganisha taa za nyumba na pampu ya tangi kwenye Home Assistant (programu ya kudhibiti vifaa vya nyumbani), na ukurasa nilioutengeneza unapendeza kwenye kompyuta. Kwenye simu mambo ni tofauti: juzi mama alitaka kuzima taa ya veranda, kidole kikagusa pampu, na tangi likafurika hadi uani kwa jirani. Nianze kurekebisha wapi?

Fundi, Nakuru: Anza na ukubwa. Mwongozo wa Android unapendekeza eneo la kugusa lisilopungua dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini) kila upande, yaani takriban milimita 9, na ule wa Apple pointi 44, kipimo chao cha skrini. Alama yenyewe yaweza kuwa ndogo, mradi eneo linaloitikia kidole liwe pana. Pampu isikae kando ya taa hata kidogo. Iwashwe kwa kubonyeza na kushikilia.

Kakamega: Naongezea kwamba kitufe kionyeshe hali iliyoripotiwa na kifaa, si amri iliyotumwa. Umeme ulipopotea kwangu, kitufe kilibaki kijani ilhali pampu ilikuwa imezimika zamani. Tena rangi pekee haitoshi, andika “Imewaka” au “Imezimwa”. Na boya la kukata umeme tangi linapojaa usilikose, maana hata kitufe kizuri hubonyezwa na mtoto.

Mkaazi wa Kisumu: Ahsanteni. Pampu nimeihamishia ukurasa wa pili. Boya nitalitafuta Jumamosi.