ISO 800 na bado picha zina chenga, nakosea wapi?

Fundi_Mchanga: Wakuu, habari zenu. Nimepiga picha za harusi ya dada yangu, usiku, ukumbini. Tangu nishike kamera naambiwa ISO, kile kipimo cha kamera kukuza mwanga, isivuke 800, ukivuka umeharibu kazi. Nikatii. Lenzi ni ile iliyokuja na kamera, zumu ya mm 18-55. Shata 1/60 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6, ISO 800. Picha zilitoka giza, nikaziongeza mwanga kwenye kompyuta, ndipo chenga zikaibuka. Suti nyeusi ya shemeji ina vidoa vyekundu na vya kijani utadhani kamwagiwa mchanga wa rangi. Nibadilishe kamera, au nishuke hadi 400?

Babu Lenzi: Ukishuka 400 ndiyo umejimaliza. Chenga zinaletwa na uhaba wa mwanga unaofika kwenye sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. ISO inakuza tu kilichoingia, kizuri na kibaya pamoja. Kwenye kompyuta uliongeza stopu ngapi, yaani uliuzidisha mwanga mara mbili kwa awamu ngapi?

Fundi_Mchanga: Mbili.

Babu Lenzi: Basi ulipiga ISO 3200 bila kujijua: 800, 1600, 3200. Tena kwa njia mbaya, maana kamera nyingi hutoa picha safi zaidi ukiipa hiyo 3200 palepale. Aliyekupa sheria ya 800 alikuonea, kijana wangu.

Kivulini: Babu, hapo inategemea kamera. Zipo sensa ambazo ukikuza ndani au ukikuza baadaye huoni tofauti, ila uwe umepiga RAW, faili ghafi ambayo kamera haijaichakata. Kwenye JPEG, faili ya kawaida iliyokwisha kuchakatwa, kamera inapangusa chenga yenyewe, ngozi zinabaki kama nta, na ukija kuongeza mwanga ndiyo balaa. Halafu mkuu, 1/60 kwa watu wanaocheza? Mikono haikuyeyuka?

Fundi_Mchanga: Imeyeyuka. Sikutaja kwa aibu 😅

Kivulini: Chenga zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa. Kucheza kunataka 1/250 hivi, yaani stopu mbili tena. Kwa mwanga wa ukumbi ule, f/5.6 ingekupeleka ISO 12800. Sasa acha kuzumu, rudisha lenzi 18 na umsogelee mtu: unapata f/3.5 (namba ikipungua, tundu linapanuka), ISO inashuka hadi kama 5000. Ukipata lenzi ya f/1.8, mwanga ni karibu mara kumi ya f/5.6, unapiga kwa ISO 1250 na suti inabaki nyeusi. Kwa hiyo kabla ya kamera, tafuta lenzi.

MamaPicha: Mimi huwa naiachia kamera ichague ISO, naipa mpaka wa 6400 na shata isishuke chini ya 1/250. Akili yangu inabaki kwa watu. Na usihukumu picha ukiwa umeikuza 100% kwenye skrini, hakuna mgeni atakayeitazama hivyo.

Fundi_Mchanga: Nimerudi. Nimetundika koti jeusi mlangoni, taa moja, RAW. Ya kwanza ISO 800 nikaiongeza stopu mbili, ya pili ISO 3200 nikaiacha ilivyo. Kwenye ya pili naona hadi mshono wa kola. Kwenye ya kwanza kola imemezwa na vidoa. Babu, shikamoo. Zile za harusi nazigeuza nyeusi na nyeupe, angalau vidoa vya rangi vinapotea. Shemeji bado hajaziona.

Babu Lenzi: Marahaba. Za mikono usimpe.