Mpelelezi wa London na mito yake: nianze na kitabu gani?

msomaji_katuba: Wandugu, jambo. Nataka kuanza vitabu vya Ben Aaronovitch, vya yule polisi kijana Peter Grant anayefundishwa uchawi. Naona Rivers of London, naona Midnight Riot, halafu riwaya fupi na katuni. Vinafuatana namna gani? Kifaransa kinanielea kuliko Kiingereza.

kamalondo2: Usinunue mara mbili! Midnight Riot ni Rivers of London ileile ya 2011, jina la toleo la Marekani tu. Kwa Kifaransa tafuta Les Rivières de Londres. Kisha usiruke: Moon Over Soho, Whispers Under Ground, Broken Homes, Foxglove Summer. Kurasa za mwisho za Broken Homes zinapindua kila kitu, kwa hiyo usisome maneno ya jalada la nyuma la vitabu vinavyofuata. Riwaya fupi The Furthest Station ilitoka 2017, baada ya The Hanging Tree, lakini mambo yake yanatangulia, isome kabla. Katuni zinaweza kungoja.

ya_ruashi: Ila neno "mchawi" litakupoteza. Kwetu ni mtu wa usiku, anayekula watu. Peter anajifunza kama fundi: somo la kwanza ni lux, mwanga mkononi, na analirudia mpaka achoke. Akilifanya simu ikiwaka, chipu yake inasagika kuwa mchanga. Ndiyo maana anatoa betri kwanza. Na alama ambazo uchawi unaziacha nyuma, jiwe linazishika sana, nyama ya mtu kidogo tu. Ukuta unasema kuliko maiti.

mama_kampemba: Na Mama Thames, mungu wa mto Thames wa London, msimsome kama Mamba Muntu, yule nguva wa picha za ukutani, anayegawa mali kwa masharti. Huyu ni mama wa Kinijeria, maji yanayopanda na kushuka na bahari ni yake. Maji ya juu ya mto ni ya Baba Thames. Mpaka wao ni Teddington Lock, mlango wa maji wa kupitishia mashua, na kweli ndipo nguvu ya bahari inapokoma. Mabinti wake Fleet, Tyburn na Effra ni mito halisi iliyofunikwa, inapita chini ya barabara. Soma ramani ya London ikiwa pembeni.

msomaji_katuba: Aksanti mama. Na nikikosa Kifaransa kwa vile vya mbele?

kamalondo2: Ingia Kiingereza tu. Kinachokwamisha ni lugha ya polisi: "guv" ni shefu, "nick" ni kituo, mara nyingine ni kukamata mtu. Angalia sentensi.