Kulala ufukweni na kuzunguka visiwa: Menai au Pemba?

Kijana_wa_Mtoni:
Assalamu aleikum wanajukwaa. Mimi na marafiki tunataka kulala ufukweni na kuzunguka visiwa. Tumebakisha mawili: Ghuba ya Menai, Unguja, kutokea Fumba (visiwa vya Kwale na Pungume), au Pemba (Misali na upande wa Kigomasha). Wapi bora? Nahodha wa Fumba anataka arbuni, yaani malipo ya kutangulia, kabla ya Ijumaa.

PwaniMchangani:
Waaleikum salaam. Wangapi? Mwezi gani? Wangapi hawajui kuogelea? Bila hayo utapewa mapenzi ya watu, si jawabu.

Kijana_wa_Mtoni:
Samahani. Tuko kumi na wawili, wanaume saba na wanawake watano. Siku tatu, usiku mbili, katikati ya Agosti. Wanne hawajui kuogelea.

Mkojani:
Agosti ni kusi, upepo wa kusini, yakhe. Menai imefunguka upande wa kusini na magharibi, na kusi huzidi kadiri jua linavyopanda. Misali iko magharibi ya Pemba, kisiwa kizima kinawakingieni upepo. Njooni Pemba.

BintiFumba:
Mbona hukumwambia kuwa Misali hakulalwi? Ni hifadhi, kasa wanataga pale. Unakwenda asubuhi kutokea Wesha au Mkoani, unalipa kiingilio, jioni unarudi. Na Mkoani iko kusini kabisa, Kigomasha kaskazini kabisa. Kwa siku tatu, nyingi zitaishia kwenye meli na gari.

Mkojani:
Sikusema walale Misali. Walale Verani, upande wa magharibi wa Kigomasha. Vumawimbi inapendeza macho lakini inatazama mashariki, Agosti upepo utawang'olea mahema. Kwanza waende kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kwa mchana, waseme wako wangapi na wanaondoka lini. Kikundi cha wanaume na wanawake kinachoonekana usiku bila taarifa kinawatia wanakijiji wasiwasi, na wana haki. Wakipita kijijini wajistiri.

AmiNahodha:
Wanangu, mnabishana juu ya pahala, na hakuna aliyeuliza mwezi wa angani. Tazameni kalenda ya Kiislamu. Bamvua, yaani maji makubwa, inakuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake. Siku hizo kwetu maji hujaa karibu saa kumi na hupwa karibu saa nne, mchana na usiku, na tofauti inapita mita tatu.

Sasa sikilizeni safari inavyoharibika. Kikundi kinafika saa kumi jioni, maji yamejaa, chombo kinatiwa nanga karibu na mchanga ili mizigo isibebwe mbali. Watu wanapika, wanakula. Saa tatu usiku wanapiga mahema, wanaona ufukwe mpana, mchanga laini karibu na maji, wanachagua hapo. Saa nne chombo kimepwelewa, kimelala ubavu juu ya mawe. Saa tisa za usiku maji yameshaingia hemani, vyakula vinaelea. Kukicha wanataka kukimbia, lakini maji yanatoka tena, na kufika saa nne chombo kiko juu ya mchanga. Hawaondoki mpaka alasiri, wakati kusi imeshakaza. Na huko njiani wana watu wanne wasiojua kuogelea.

Dawa yake: hema lipigwe hatua kumi juu ya mstari wa mwisho wa mwani mkavu, wala si chini ya minazi. Vigingi havishiki mchanga mkavu, kwa hiyo jazeni mifuko mchanga, fungeni kamba, fukieni nusu mita. Chombo kitiwe nanga kwenye kina, watu washuke kwa kidau.

BintiFumba:
Shukran Ami. Basi waende maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, tarehe 7 au 22 ya mwezi wa Kiislamu?

AmiNahodha:
Watalala vizuri, ila mafungu ya Menai, ile michanga inayoibuka maji yakipwa, hayatajitokeza sana. Akitaka mchanga atafute bamvua, akitaka usingizi maji mafu. Vyote viwili havipati.

Jiko_la_Mkaa:
Maji ya kunywa hamjayataja. Lita 5 kwa mtu kwa siku: 12 mara 5 mara 3 ni lita 180, madumu tisa ya 20. Msitegemee kupata maji kisiwani. Vyombo vioshwe kwa maji ya bahari.

PwaniMchangani:
Hizo ni kilo 180, sawa na abiria watatu. Hesabu ya nahodha imeziweka? Chukueni madumu ya lita 10, la 20 halibebeki maji yakiwa kiunoni.

Jiko_la_Mkaa:
Nakubali. Moto: mikoko isiguswe. Makumbi yawashe, vifuu ndiyo vinatoa kaa la kudumu. Samaki wa kubanika ni changu, maana pono nyama yake laini, inamwagika motoni.

Mkojani:
Pono inamwagika kwa asiyejua! Ibanike na magamba yake, uyavue ikiiva.

BintiFumba:
Na tasi je? Ndiye mtamu kuliko wote.

Jiko_la_Mkaa:
Tasi mtamu, lakini miba yake ina sumu. Akichoma mtu, tia mkono kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, nusu saa au zaidi, mpaka maumivu yashuke. Jaribu joto kwa mkono usiochomwa kwanza, la sivyo utamuunguza.

Kijana_wa_Mtoni:
Ahsanteni. Kumbe tarehe tulizochagua zinaangukia bamvua. Wenzangu wanataka mafungu, mimi naanza kuelekea Verani. Nahodha anasema chombo chake ni mashua yenye mashine moja.

AmiNahodha:
Kabla ya arbuni, nenda Fumba ukakione. Hesabu maboya ya kuvaa kwa mkono wako, kumi na mawili yenu, mbali na ya mabaharia, na wale wanne wavae tangu wanapopanda. Kisha muulize: mashine ikizima, tanga analo?

Kijana_wa_Mtoni:
Nimempigia. Anasema tanga liko nyumbani.