Kesho ya Nani?

*Kundi: Ukoo Mmoja. Jumapili jioni*

Neema: Shikamooni wote. Shangazi upo? Nina mtihani wa Kiingereza keshokutwa na zoezi nimepata 3 kati ya 8 😭

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu, nipo. Zoezi la nini?

Neema: Usemi wa taarifa, ile ya kusimulia maneno aliyosema mtu mwingine. Natuma picha.

Neema: 📷 Picha

Mjomba Saidi: Mwalimu kamwagia wino mwekundu chupa nzima hapo.

Mama Neema: Kaka, muache mtoto.

Shangazi Rehema: Picha ina giza, na macho yangu mnayajua. Niandikie moja moja, ulichopewa na ulichojibu.

Neema: Ya kwanza.
Nimepewa: "I am washing my hands," Asha said.
Nikajibu: Asha said that she is washing her hands.
Kanikata.

Idi: Mbona iko sawa? Asha alisema ananawa mikono.

Shangazi Rehema: Haya, Idi kaenda nilikotaka mtu aende. Kiswahili ndicho kinachotuponza hapo. Sisi tukisema "Asha alisema ananawa mikono", ile -na- tunaihesabu kuanzia pale Asha alipofungua mdomo. Alikuwa ananawa wakati ule anasema, basi, hatuigusi. Mwingereza anahesabu kuanzia pale alipo yeye msimulizi. Kwake kusema kumepita, na kunawa kumepita pamoja nako. Kwa hiyo kitenzi kinarudi nyuma hatua moja: Asha said that she was washing her hands.

Neema: Ooh. Kwa hiyo kila kitenzi kinarudi hatua moja?

Shangazi Rehema: Karibu kila kitenzi. "Is" inakuwa "was", "will" inakuwa "would", "can" inakuwa "could", "have seen" inakuwa "had seen". "Must" ya lazima inakuwa "had to".

Neema: Na "saw" je? Si imeshapita tayari?

Shangazi Rehema: Nayo inakuwa "had seen". Ikifika hapo imegota ukutani, haina pa kurudi. "Would", "could", "should" na "might" nazo ziko ukutani tangu mwanzo, ziache zilivyo.

Mjomba Saidi: Kama mimi na umri huu 😂

Shangazi Rehema: Shemeji wewe umeegemea tu, hujagota 😄 Neema, ila ujue: hiyo ya "saw" Waingereza wenyewe huiacha ilivyo wakiona hakuna utata. He said he was born in 1990. Ukiandika "had been born" si kosa, ila sentensi inakuwa nzito bure. Na kama anayesimulia ameanza na "says", yaani wakati uliopo, hakuna kinachorudi nyuma. She says she is tired. Imekwisha.

Neema: Sawa. Ya pili ndiyo imeniaibisha.
Nimepewa: "Where do you live?" the doctor asked me.
Nikajibu: The doctor asked me that where do I live?

Shangazi Rehema: Makosa manne kwenye mstari mmoja 🙈 Usilie, yote yana mzizi mmoja. Daktari aliuliza. Wewe huulizi, wewe unatuhadithia kwamba aliuliza. Swali likishasimuliwa si swali tena, ni habari. Sasa vua nguo zote za swali: "do" itoke, alama ya kuuliza itoke, "that" haina kazi kwa sababu "where" imeshaunganisha, kisha kitenzi kirudi hatua moja.

Neema: The doctor asked me where I lived.

Shangazi Rehema: Hapo sasa!

Idi: Na swali la ndiyo au hapana?

Shangazi Rehema: Hapo Kiswahili kinatubeba. Aliniuliza kama niko tayari. Hiyo "kama" ndiyo "if", au "whether" ukitaka kuvaa tai. He asked me if I was ready. Siyo "was I ready". Kiima mbele, kitenzi nyuma.

Neema: Ya tatu nilipewa "Don't touch the wire," he told us. Nikaandika He told us to don't touch the wire.

Shangazi Rehema: He told us not to touch the wire. Sisi tunasema "alituambia tusiguse", kukanusha kumeingia tumboni mwa kitenzi. Kwao "not" inasimama mlangoni, mbele ya "to". Hiyo ni ya kukariri tu, haina hadithi.

Neema: Ya nne.
Nimepewa: "I will see you tomorrow," he said to me.
Nikajibu: He said me that he would see me tomorrow.
"Would" nimepatia lakini bado kanikata mara mbili.

Mama Neema: "Said me" ina kosa gani? Mimi nasema hivyo kila siku.

Mjomba Saidi: Dada kajitaja mwenyewe 😂😂

Shangazi Rehema: Wifi, tumia Kiswahili chako tu. "Say" ni kusema, "tell" ni kuambia. Kuambia lazima kuwe na wa kuambiwa: told me, told him. Kusema hakumdai mtu: said that. Sasa jaribu kuweka mtu moja kwa moja kwenye kusema kwetu, unapata nini?

Mama Neema: Alinisema.

Mama Neema: Ah! Hiyo maana yake kanigombeza.

Shangazi Rehema: Au kakuteta. Ukisikia ulimi unataka kutoa "said me", jiulize kama unataka kusema "alinisema". Andika "told me" au "said to me", utakuwa salama.

Neema: 😂😂 hiyo siisahau tena. Na "tomorrow"?

Idi: Hapo hata mimi simuelewi mwalimu. Mtu kasema "tomorrow", wewe unaandika "the next day". Si unabadilisha maneno ya mtu?

Mama Neema: Idi. Wewe ndiye wa kuuliza hilo?

Idi: Nimefanya nini tena?

Mama Neema: Bibi. Mwezi uliopita.

Idi: 🤐

Mama Neema: Bibi kakupigia Jumanne usiku, kakwambia "nitafika kesho". Ukalala. Jumatano asubuhi ukaandika humu: "Bibi kasema atafika kesho." Mimi nikajipanga, Alhamisi nitaenda stendi kumpokea. Jumatano saa 10 jioni napigiwa na namba nisiyoijua. Ni Bibi, kaazima simu ya mtu, yake imezima, kakaa juu ya begi lake, ananiuliza kama tumehama.

Idi: Lakini nilinukuu maneno yake vilevile!

Shangazi Rehema: Na ndilo kosa lenyewe, mwanangu. Ulibeba neno lake, siku yake ukaiacha kwenye simu. "Kesho" ya Bibi ilikuwa Jumatano. Ulipoiandika wewe Jumatano, sote tukaisoma Alhamisi. Neno halikubadilika hata herufi, ila mwenye kesho kabadilika.

Shangazi Rehema: Neema, haya maneno yote ni vidole: kesho, jana, leo, sasa, hapa, hii. Hayana maana mpaka ujue aliyenyoosha kidole kasimama wapi na lini. Wewe msimulizi umesimama kwingine, kwa hiyo lazima unyooshe upya. "Tomorrow" inakuwa "the next day", "yesterday" inakuwa "the day before", "today" inakuwa "that day", "ago" inakuwa "before", "here" inakuwa "there".

Neema: Na kama nasimulia siku hiyohiyo?

Shangazi Rehema: Swali zuri kuliko zoezi lenyewe. Kama kesho yake bado ni kesho yako, iache. Ila kwenye mtihani sentensi haina tarehe, na mtahini anataka kuona unajua kuhama. Hama.

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

Mama Neema: Mnaomsikia mmesikia. Anasema mgongo bado unauma.

Idi: Bibi nisamehe jamani 🙏

Neema: Ya tano nilidhani nimepata kabisa, maana nilirudisha nyuma. The teacher said that water boiled at 100 degrees Celsius.

Mjomba Saidi: Usawa wa bahari lakini. Ukipanda mlima mrefu yanachemka kabla ya kufika 100.

Shangazi Rehema: Shemeji leo kachangia 👏 Neema, hii mimi nisingekukata, kisarufi haina kosa. Lakini maji yalichemka hivyo mwalimu aliposema na yanachemka hivyo mpaka leo, kwa hiyo kitenzi hakilazimiki kurudi. Watahini wengi wanapenda "boils". Wape "boils".

Idi: Kwani na sisi si tunarudisha? Shuleni tulifundishwa "Nitakuja kesho" inakuwa "Alisema kwamba angekuja siku iliyofuata".

Shangazi Rehema: Kweli, vitabu vya sarufi vinafundisha -ta- igeuke -nge-. Kwenye mtihani wa Kiswahili andika hivyo upate alama zako. Lakini nje ya darasa, mtu akikwambia "alisema angekuja", sikio lako linasubiri nini?

Idi: "Lakini..."

Shangazi Rehema: Basi. Tayari unajua hakuja.

Mjomba Saidi: Mimi nina swali la maana sasa. "Eti" kwa Kiingereza ni nini? Mfano: Idi kasema eti anaumwa.

Idi: Mbona mifano yote mimi?

Shangazi Rehema: 😂 "Eti" ni tunu. Silabi mbili tu, na msikilizaji ameshajua hukumwamini mtu. Mwingereza kazi hiyo anaipeleka kwenye kitenzi cha kusimulia: Idi claimed that he was ill. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wasing'ang'anie "said" mwanzo mwisho. Kuna "promised", "denied", "admitted", "complained". Kimoja kinabeba alichosema mtu na jinsi alivyokisema. Tahadhari moja tu, "suggest". Usiandike "He suggested us to go". Ni "He suggested that we go" au "He suggested going".

Shangazi Rehema: Na mtu anaweza kuonyesha msimamo hata kwa "said" hiyohiyo. "Idi said he is ill": naisimulia kama jambo ambalo hata sasa lipo, nusu nimeshalikubali. "Idi said he was ill": namwachia Idi maneno yake. Si kwamba nakataa, ila mzigo si wangu.

Mjomba Saidi: Basi mimi ni "was" 😂

Shangazi Rehema: Neema, kabla hatujaachana. "I have lost my key," she told Juma. "Did you see it here yesterday?" Unganisha ziwe sentensi moja.

Neema: Subiri

Neema: She told Juma that she had lost her key and asked him if he had seen it here the day before.

Shangazi Rehema: Vizuri sana! Kidole kimoja tu hujakihamisha.

Neema: ...here → there!

Shangazi Rehema: Nenda kalale.

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:21)

Mama Neema: Niko na kelele huku, siwezi kufungua. Bibi anasemaje?

Idi: Niacheni mimi, nimejifunza. Bibi amesema, leo Jumapili, saa 2 na dakika 10 usiku, kwamba ataondoka kesho, yaani Jumatatu, na atafika siku hiyohiyo ya Jumatatu.

Shangazi Rehema: 👏👏👏

Mama Neema: Safi. Anafika saa ngapi?

Idi: Hiyo hakusema.

Mama Neema: Kasema, nimeshafungua. Sikiliza mpaka mwisho.