Bosi anataka nigonge muhuri kwa mtu ambaye sijamwona. Nifanyeje?

Wakili_Mchanga (Alhamisi, saa 2:40 usiku)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Nina miezi saba tangu Jaji Mkuu atuapishe. Law School nilitoka kwa jasho. Sikuwa kwenye lile kundi la 2022 ambalo kati ya watu 633 walifaulu moja kwa moja 26 tu, ila na mimi sapu (mtihani wa marudio) niliila. Sasa niko kwenye ofisi ndogo hapa Ilala, bosi, wakili mwingine mmoja, mimi na dada wa mapokezi.

Iko hivi. Tuna maombi ya zuio Mahakama Kuu, lazima yaingie Jumatatu. Mleta maombi ni mama mmoja aliyeko Mwanza. Hati ya kiapo, yaani maelezo yake ya maandishi anayoyaapia kuwa ni kweli, nimeiandaa mimi, na chini kabisa kwenye "imeandaliwa na" kuna jina langu. Leo mchana bosi kamtumia yule mama ukurasa wa mwisho kwa WhatsApp, mama kausaini, kaupiga picha, kaurudisha. Bosi akauprinti, akaniwekea mezani: "Gonga muhuri, andika ameapa mbele yako hapa Dar es Salaam, leo." Nikamuuliza kwa nini asigonge wake. Akacheka, akasema wake anautunza.

Nimeshindwa kugonga, na kukataa pia nimeshindwa. Nimemwambia muhuri nimeusahau nyumbani. Kesho asubuhi ataniuliza tena, na huyu ndiye anayenilipia chumba.

Hivi kweli hili ni jambo la kawaida? Na nyie mlijifunza wapi kuishi kwenye hii kazi? Shuleni nimefundishwa kuandika hati ya madai, utetezi, hati ya kiapo. Kumkatalia anayekupa nauli sikufundishwa.

---

Kamba_Ndefu (saa 3:05 usiku)

Dogo gonga ulale. Saini ni ya mama mwenyewe, maelezo ni ya kweli, sasa kosa liko wapi? Ofisi nyingi mjini ndivyo zinavyokwenda. Ukianza ulokole mwezi wa saba, mwezi wa nane utatuuliza humu nani ana nafasi ya kazi.

---

Mama_Faili (saa 4:20 usiku)

Marahaba mwanangu.

Usigonge. Na huo uongo wa muhuri kusahaulika nao ni wa siku moja tu, usiufanye makazi.

Nianze na sheria, kwa sababu huyo Kamba Ndefu ameuliza kosa liko wapi. Fungua Sheria ya Notari na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12. Kifungu cha 8 kinakutaka uandike kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipotolewa mbele yako. Kwa ukweli. Wewe unaambiwa uandike Dar es Salaam kwa mtu aliyeko Mwanza. Halafu rudi nyuma kidogo, kifungu cha 7. Kamishna wa viapo, yaani wewe wakili unapomwapisha mtu na kugonga muhuri, haruhusiwi kuapisha kwenye shauri ambalo yeye mwenyewe ni wakili wa mmoja wa wahusika, au ana maslahi nalo. Wewe ndiye uliyeiandaa hati, jina lako liko chini. Kwa hiyo hata huyo mama angepanda ndege usiku huu akaja kukaa mbele yako, bado kiapo chake usingekigusa. Ungemvusha barabara, umpeleke kwa wakili wa ofisi nyingine.

Hapo ndipo wengi wenu mnapojikwaa. Mnadhani kuna somo la ufundi na somo la maadili, hili la Jumanne na lile la Alhamisi. Angalia hiyo karatasi moja iliyoko mezani kwako: kosa la maadili ndilo hilohilo kosa la ufundi. Mpinzani makini hahitaji hata kukuita mwongo. Anaweka pingamizi la awali kuhusu jurati, yale maneno ya mwisho yanayosema nani ameapa, mbele ya nani, wapi na lini, hati inaondolewa, maombi hayana mguu wa kusimamia, zuio linakwenda na maji.

Na akiwa mkorofi zaidi, ataomba mwapaji aitwe aulizwe maswali juu ya kiapo chake. Niliwahi kukaa mahakamani nikisubiri zamu yangu nikalishuhudia hilo. Baba wa watu kasimama kizimbani, kaulizwa aliapa wapi. Akajibu kwa heshima zote, "Nilisaini juu ya boneti ya gari, pale stendi, kijana mmoja akaondoka nayo." Jaji akavua miwani. Kamishna aliyegonga muhuri hakuwepo, lakini jina lake lilikuwepo, maana siku hizi jina lazima liandikwe. Ndivyo watu wanavyofika Kamati ya Mawakili, ambayo ina uwezo wa kukuonya, kukusimamisha, au kulifuta jina lako kwenye daftari la mawakili. Bosi wako anajua haya yote. Ndiyo maana wake anautunza.

Sasa kumkatalia. Usimwendee na kifungu. Bosi ukimwendea na kifungu anasikia kwamba mtoto anamfundisha kazi. Mwendee na ratiba. Leo ni Alhamisi. Hati nzima, siyo ukurasa mmoja, inatumwa Mwanza kwa barua pepe usiku huu. Kesho asubuhi mama anaiprinti, anakwenda kwa wakili yeyote wa huko asiyehusika na shauri, anaisoma, anaapa, anasaini mbele yake. Inaskaniwa, mnaipokea mchana, nakala halisi inapanda basi la jioni. Jumatatu mnawasilisha. Mwambie, "Bosi, nimeshampata wakili Mwanza, nikisubiri ruhusa yako nimpigie." Mtu akiletewa njia iliyokwisha kusafishwa, ni mara chache atang'ang'ania ile ya miiba.

Na mama asomewe kiapo chake jamani! Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini ofisi nyingi bado zinanakili violezo vya Kiingereza vya zamani. Mtu anaapa aya 19 asizozielewa. Ukiandika cha Kiswahili, yeye mwenyewe atakuambia aya ya 6 siyo kweli. Na atakuambia ukiwa bado una muda wa kurekebisha.

Umeuliza tulijifunza wapi. Mimi nilijifunza kwa kumuumiza mtu.

Nilikuwa na mwaka wa pili wa uwakili, niko Moshi. Mzee mmoja wa Hai alishindwa kesi ya kihamba (shamba la ukoo) kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akanipa rufaa. Kesi yenyewe ilikuwa nzuri, mashahidi wa mipaka wote walikuwa upande wake. Mimi nilikuwa nimezoea rufaa za madai za kawaida kutoka mahakama ya wilaya, ambazo zina siku 90. Nikaandika kichwani 90, nikaendelea na mengine. Nikawasilisha siku ya 61, tena najiona nimewahi. Rufaa kutoka baraza kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Pingamizi lilikuwa na mistari minne. Lilipofika mbele ya jaji sikuwa na la kusema, maana uzembe wa wakili siyo sababu ya kuongezewa muda, na mahakama zetu zimeshasema hivyo mara nyingi mno. Ikatupwa.

Wakili mwenzangu akanishauri nimwambie mzee kwamba mahakama imekataa, basi, kwani kuna uongo gani hapo? Usiku sikulala. Asubuhi nikapanda hiace hadi Hai, nikatembea hadi kwake, tukakaa kwenye benchi chini ya migomba. Nikamweleza kalenda yote, siku kwa siku. Akaniuliza swali moja tu: "Kosa ni lako au ni la mahakama?" Nikamwambia langu, baba. Nikamrudishia ada yake, laki sita, kwa mafungu mawili maana sikuwa nayo. Nikamwambia pia kwamba ana haki ya kunilalamikia, na wapi pa kupeleka malalamiko. Hakunisamehe, nisikudanganye. Tulikutana sokoni mara mbili baada ya hapo akageukia upande mwingine, na sasa ni marehemu.

Tangu siku hiyo nina kauntabuku. Hukumu ikisomwa tu, kabla sijatoka kwenye jengo, naandika: imetoka wapi, leo tarehe ngapi, sheria gani inatawala hatua inayofuata, siku ya mwisho ni lini. Kifungu naandika baada ya kukifungua na kukisoma, hata kama nilikisoma wiki iliyopita. Utetezi siku 21. Notisi ya rufaa Mahakama ya Rufani siku 30, na rufaa yenyewe 60 baada ya notisi. Nazijua kama jina langu, na bado nafungua. Kisha karani wangu anahesabu upya kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani. Hajasoma sheria hata siku moja, na ameshanikamata mara mbili.

---

Karani_Mstaafu (Ijumaa, saa 12:15 asubuhi)

Mama Faili umenikumbusha mbali. Nimekaa masijala ya mahakama miaka mingi, niongeze machache kutoka upande wa pili wa dirisha.

Wakili mpya tulikuwa tunamjua kabla hajafungua mdomo. Anakuja hana namba ya shauri, anataka faili kwa jina la mteja. Akina Juma wako wangapi mjini? Siku hizi za mtandao, tangu kanuni za 2018 za kuwasilisha nyaraka kwa mtandao, kituko kimehama tu. Mtu anapakia nyaraka saa sita kasoro dakika tano usiku wa siku ya mwisho, ukurasa wa 3 umelala ubavu, kiambatisho B hakisomeki, na malipo anasema atalipa kesho. Kijana, lipa siku hiyohiyo. Usimpe mpinzani wako nafasi ya kubishana kwamba uliwasilisha lini.

La pili ni soda. Kuna mawakili walikuwa wakifika dirishani wanaacha elfu tano juu ya kaunta, "ya soda karani wangu". Wengine walidhani ndiyo ujuzi wa mahakamani. Tulichokuwa tunajua sisi ni kwamba huyu kuna kitu faili lake linakosa. Anayekuja na nakala za kutosha, kurasa zimepewa namba, salamu ya kweli, huyo faili lake lilikuwa linatembea bila hata senti.

---

Kamba_Ndefu (saa 2:30 asubuhi)

Mnaongea kama wote mna ofisi zenu. Dogo unga wake ukimwagika nyie mtamlipia chumba?

---

Mama_Faili (saa 2:51 asubuhi)

Swali la haki hilo, silibezi. Kazi ikienda atatafuta nyingine akiwa na leseni. Leseni ikienda atatafuta nini? Kijana, ukifukuzwa kwa hili nitumie ujumbe wa faragha. Sina mshahara wa Dar, ila nina meza moja imekaa bure.

---

Wakili_Mchanga (Jumanne, saa 1:10 usiku)

Wakubwa nimerudi, samahani kwa kimya.

Ijumaa saa moja na nusu nilimwahi bosi kabla ya chai. Sikutaja kifungu. Nilimwambia nimempata wakili Mwanza, na hati nimeshaitengeneza kwa Kiswahili. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Haya, tuone," akaingia ndani akafunga mlango. Siyo kwa kishindo, lakini alifunga.

Mama aliposoma kiapo kwa Kiswahili alinipigia mwenyewe. Aya ya 9 ilisema aliingia kwenye nyumba 2011. Akasema hapana, 2011 alinunua kiwanja, nyumba alihamia 2013. Mimi niliichukua kwenye maelezo ya bosi bila kumuuliza. Tukarekebisha, akaapa.

Nikaipokea saa tisa alasiri, nikashukuru Mungu, nikaifunga. Saa nne usiku, sijui kitu gani kilinituma, nikaifungua tena nikaitazama jurati. Jina la kamishna lipo, Mwanza ipo, muhuri upo. Tarehe hakuna! Nafasi imeachwa wazi. Kalamu ilikuwa karibu, na sitawaficha, mkono ulienda. Nikairudisha. Jumamosi asubuhi mama akapanda bodaboda mara ya pili hadi kwa yule wakili, akaapa upya kwenye nakala safi yenye tarehe yake ya Jumamosi. Jumatatu saa nne nikawasilisha, nikalipa saa hiyohiyo, Karani Mstaafu upo?

Bosi hajasema kitu. Faili moja la kampuni nililokuwa nalo amempa mwenzangu. Sijui ni adhabu au ni kawaida, naendelea kuja kazini.

Sasa nina swali jingine. Ada ya yule wakili na bodaboda za mama nililipa mfukoni kwangu, jumla elfu ishirini. Leo mama kanitumia elfu ishirini na tano kwenye simu yangu binafsi, na ujumbe: "Hiyo ya juu ya soda mwanangu, umenisaidia sana." Hiyo elfu tano naifanyaje?

---

Mama_Faili (saa 1:32 usiku)

Ishirini iandike kwenye faili la mteja usiku huu, na risiti zake zibane humo. Kesho mwambie bosi kwamba imepita kwenye simu yako, kabla hajasikia kwa mama. Ile tano mrudishie, na makato ya kutuma ulipe wewe. Halafu mtumie namba ya malipo ya ofisi, asikutumie tena kwenye simu yako.

---

Karani_Mstaafu (saa 1:40 usiku)

Nipo.