Odoo haiagizi mabati ilhali yanakaribia kuisha ghalani

Swali
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninasimamia ghala la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza. Katika Odoo, programu ya kusimamia biashara, tumeweka kanuni ya kuagiza mabati upya, kiwango cha chini kikiwa 150 na cha juu 400. Leo yamebaki 90, lakini programu haijapendekeza oda yoyote. Tatizo liko wapi?

Jibu la 1
Ndugu, programu hiyo haitazami mzigo uliopo peke yake, bali hutazama hesabu tarajiwa, yaani mabati yaliyopo, ukijumlisha yanayosubiriwa kutoka kwa wasambazaji na kutoa yale ambayo wateja wamekwisha kuahidiwa. Tafadhali kagua oda za manunuzi za zamani zilizothibitishwa ambazo mzigo wake haujapokelewa. Kwa uzoefu wangu, chanzo huwa hapo.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Nimekuta oda ya mabati 200 ambayo msambazaji alishindwa kuileta. Nimefuta mapokezi yake yaliyokuwa bado yanasubiriwa kwenye programu, na sasa programu inapendekeza niagize 310.

Jibu la 2
Nakusihi uangalie pia hicho kiwango cha chini. Ikiwa mnauza mabati 20 kwa siku na mzigo kutoka Dar es Salaam huchukua siku 10, mnahitaji 200 kabla hata hamjaongeza akiba ya tahadhari, hivyo kwa 150 mtaishiwa mzigo ukiwa bado njiani.